Mbuni Kazini: Miaka Thelathini na Miwili ya Mwalimu Tryphena Mghoi

Ijumaa hii, tarehe 4 Desemba 1959, kengele ya saa nane itakapolia, Mwalimu Tryphena Mghoi atafunga kabati la kazi za mikono, atamkabidhi Mwalimu Mkuu ufunguo, na atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili ya kufundisha. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameifanya hapa kwetu, Shule ya Kati ya Mwarungu, juu kidogo ya Mwatate. Kamati ya sherehe imeniomba mimi niandike wasifu wake katika programu hii. Nadhani walimchagua mwalimu wa hesabu kwa sababu hakuna aliyempinga Mwalimu Tryphena kama mimi, na aliyekupinga akashindwa ndiye anayekujua vizuri.

Alizaliwa Mgange mwaka 1909. Mama yake alikuwa msusi wa vikapu, na watu walipanda mlima kutoka Bura kuvifuata. Tryphena alisoma shule ya misheni, na Januari 1928, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, alikabidhiwa watoto arobaini na mmoja wanaoanza kusoma, ndani ya kanisa lisilo na mabenchi. Anasema siku ya kwanza alifundisha herufi tatu tu, kisha akawafundisha kusuka mikeka ya kukalia, maana sakafu ilikuwa baridi na hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Kufikia Ijumaa watoto walikuwa na mikeka, na waliijua alfabeti hadi herufi M.

Aliolewa na Bwana Josephat, fundi wa bati mwenye duka lake dogo pale sokoni Mwatate, na ndiyo sababu akahamia kwetu mwaka 1938. Mimi nilifika miaka miwili baadaye. Nilimkuta na tepu yake ya kushonea shingoni, ile ambayo watoto huiita nyoka wa mwalimu. Hapiti karibu na kitu asikipime. Mwaka wa pili wa kazi yangu, nikiwa nimesimama gwaride nikisubiri bendera ipande, nilihisi kitu kwenye kifundo cha mguu. Alikuwa ameinama nyuma yangu anapima suruali. "Mguu wa kushoto umepita wa kulia kwa nusu inchi, Mwalimu," akaninong'oneza. "Niletee kesho."

Wakati wa vita, mwaka 1943, nguo zilipoadimika, alishona mashati ya shule kutoka magunia ya unga. Mtoto mmoja wa Darasa la Tatu alitembea wiki nzima na maneno UNGA SAFI mgongoni, na wenzake wakampa jina hilo hilo, ambalo mpaka leo analo ingawa ni baba wa watoto wawili. Wazazi walilalamika. Mwalimu Tryphena akachemsha magunia yote pamoja na magome ya miti, yakatoka na rangi ya chai ya maziwa. Vita vilikwisha, vitambaa vikarudi madukani, na rangi haikubadilika. Ndiyo sare yetu mpaka leo.

Ningeweza kuendelea na visa vya namna hii hadi kurasa ziishe. Lakini kila anayeulizwa hapa Mwarungu habari za Mwalimu Tryphena hukimbilia kisa kimoja, cha mwaka 1954, nami nitakisimulia chote, pamoja na sehemu zisizonipendeza.

Likizo ya Aprili mwaka ule alikwenda Mombasa kwa kozi ya majuma matatu ya walimu wa kazi za mikono. Alirudi na daftari lililojaa na wazo moja lililokuwa likimwasha. Huko waliambiwa kwamba mtoto asifundishwe kutengeneza tu. Afundishwe pia kubuni, yaani kufikiri kitu kiweje kabla mkono haujagusa msumeno wala sindano. Alitaka kwanza kujua watoto wetu wanaelewaje jambo hilo. Basi Jumatatu ya kwanza ya muhula aliingia Darasa la Sita, akagawa karatasi, akaandika ubaoni: Mchoreni mbuni akiwa kazini.

Walikuwa wanafunzi thelathini na wanne. Kumi na tisa walichora mbuni yule ndege, maana wengi wao ni watoto wa mashamba ya mkonge kule chini, na mbuni humwona kila wiki akikatiza nyika. Kwa kuwa waliambiwa yuko kazini, wengine walimchora ameatamia mayai, wengine anamfukuza fisi. Mmoja alimtwika mtungi. Watoto wanne wa wakulima wa milimani walichora mbuni wa kahawa wenye matunda mekundu, bila kujali kwamba mti hauwezi kuambiwa "akiwa". Sita walichora Mzungu mwenye kofia na karatasi kubwa. Watatu walichora seremala na nyundo. Elsie, binti wa mwinjilisti wetu, alimchora Mungu akimtengeneza twiga. Mmoja alirudisha karatasi tupu.

Mwalimu Tryphena alizileta karatasi hizo katika ofisi ya walimu, akaketi, akacheka hadi akavua miwani. Tulicheka sote. Mimi ndiye niliyezihesabu, kwa hiyo tarakimu hizo ni sahihi.

Kesho yake aliwaeleza kwamba mbuni mwingine ni mtu: yule anayebuni. Akawauliza, "Haya, mtu huyo hufanya kazi gani?" Mmoja akasema hupamba vitu viwe vizuri. Mwingine akasema hutia maua. Ndipo akasimama Ndeti, mtoto wa mkata mkonge, kijana mwenye akili na maneno machache. Akasema, "Mwalimu, hao wako Ulaya. Wao hubuni, sisi hutumia."

Darasa lote liliitikia kwa kichwa. Mwalimu Tryphena aliniambia jioni ile kwamba alicheka kwa ajili ya ndege kumi na tisa, lakini jibu la Ndeti lilimkaa kifuani kama mwiba. "Mama yangu alibuni vikapu maisha yake yote," alisema. "Na mtoto huyu amekaa mbele yangu miaka miwili, sikumfundisha hata hilo."

Sasa naja kwenye sehemu yangu. Matokeo ya mtihani wa 1953 yalikuwa mabaya, hasa katika hesabu, nami nilikuwa nimeona haya mbele ya wazazi. Mwezi wa Mei niliiandikia kamati ya shule barua. Niliomba vipindi viwili vya kazi za mikono kwa wiki viondolewe, nipewe mimi. Niliandika kwamba mtihani hauulizi kikapu. Kamati ikasoma, ikakubali nusu. Ikasema Mkaguzi wa shule atakuja Julai. Mwalimu Tryphena amwonyeshe faida ya vipindi hivyo, la sivyo viende kwenye hesabu. Barua ilisomwa yeye akiwepo. Siku iliyofuata alinipa chai kama kawaida, nami nikaiacha ikapoa.

Juma hilo hilo kukatokea jambo jikoni. Mpishi wetu, Bi Mbeyu, aliyekuja Voi kutoka pwani pamoja na marehemu mumewe, alikuwa amepika pure ya mahindi na maharagwe, na uji wa shule hii, kwa miaka tisa katika kibanda cha mafiga matatu. Macho yake yalikuwa mekundu daima, na sasa yalianza kufunga ukungu. Dresa wa zahanati alimwambia wazi: auache moshi, au moshi utayachukua macho. Bi Mbeyu akaenda kwa Mwalimu Mkuu, Bwana Ambrose, akamwarifu kwamba mwisho wa muhula atakwenda zake. Alisema kwa utulivu, lakini sote tulijua hana mtoto wala shamba, na ndugu aliyebaki naye anakaa kwa watu.

Mwalimu Tryphena aliposikia, aliingia Darasa la Sita akasema, "Bi Mbeyu anahitaji jiko lisilo na moshi. Mbuni niliyemwagiza Ulaya hajafika. Tutaanza wenyewe."

Michoro ya kwanza ilikuwa ya kupendeza mno. Majiko yalikuwa na madirisha ya vioo, maua ya rangi nne ukutani, na baraza. Ndeti alichora simba mlangoni. Wakazipeleka karatasi zao kwa Bi Mbeyu kwa fahari, nami niliona kwa dirisha, maana darasa langu la nane limepakana na jiko. Alizishika moja moja kwa ncha za vidole asizichafue, akazisogeza karibu na macho yake yale maskini. Akamaliza. Akasema, "Hongereni, wanangu, hongereni sana. Ila katika majiko haya mazuri, mimi nitasimama wapi?"

Hakuna aliyekuwa amemchora. Katika karatasi thelathini na nne hapakuwa na mpishi hata mmoja.

Mwalimu Tryphena hakuwakemea. Alisema tu kwamba kesho hakuna kuchora. Kwa majuma mawili, watoto watatu watatu walikwenda jikoni wakati wa kipindi chao, wakakaa pembeni na kutazama. Walikatazwa kushauri. Waliruhusiwa kuuliza. Ndunge, msichana mpole ambaye katika somo langu hakuwahi kuinua mkono, alihesabu mara ambazo Bi Mbeyu aliinama asubuhi moja: mia na kumi na mbili. Elsie alifunga uzi kwenye kijiti akaushika mlangoni, akaona kwamba upepo hupanda kutoka bondeni kuanzia saa tatu na kuusukuma moshi urudi ndani. Kumbe ule mlango tuliodhani unatoa moshi ndio unaouzuia. Ndeti aliona jambo ambalo hata sisi walimu tuliokula chakula kile miaka tisa hatukuliona. Bi Mbeyu hufunua sufuria kwa mkono wa kushoto.

"Mbona wa kushoto, mama?" akamwuliza.

"Bega la kulia halipandi, mwanangu. Tangu mwaka wa nzige."

"Hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza?"

Ndeti aliandika hilo katika daftari lake. Nimeliona daftari, ameliandika kwa herufi kubwa.

Basi jiko likaanza kubuniwa upya, mara hii kutokea kwa mpishi. Wakampima kwa tepu, kutoka sakafuni hadi kiunoni, na kiwiko chake. Wakaamua meko yainuliwe kwa matofali hadi afike bila kuinama, kuni ziingizwe upande wa kushoto, na moshi ukamatwe palepale unapozaliwa na kupandishwa kwa bomba. Walifanya kwanza mfano mdogo wa udongo na mikebe, wakauwasha nyuma ya choo, ukapasuka. Wakafanya wa pili ukapasuka. Wa tatu ulichemsha yai. Kisha wakafyatua matofali halisi. Bomba walilifanya kwa madebe yaliyotobolewa vitako na kuunganishwa, na Bwana Josephat alikuja kila alasiri kutia lehemu bila kudai hata shukrani.

Mkaguzi alifika Jumatano ya pili ya mwezi wa Julai. Watoto walikuwa wamemaliza jana yake. Bwana Mkaguzi alianza na somo langu, akaketi nyuma ya darasa la nane, miguu ameikunja, kalamu mkononi. Nilikuwa nimeandaa sehemu za kumi na mbili, na nakiri zilikuwa zikienda vizuri. Saa tatu ikagonga. Jikoni wakawasha moto.

Moshi ulitoka katika bomba vizuri kabisa. Ukapanda futi mbili hivi. Kisha upepo wa bondeni uliovuka paa la darasa ukaukandamiza, ukageuka, na ukaingia wote kwa madirisha yangu. Nilikuwa ubaoni nikisema robo tatu ni sawa na ngapi, nikageuka, nikakuta darasa halipo. Nilisikia tu kukohoa. Mkaguzi alitoka akiongozwa na mwanafunzi kwa mkono, machozi yakimtiririka hadi kwenye kola.

Uani tulimkuta Bi Mbeyu amesimama mlangoni pa jiko lake, macho makavu, ametahayari. Darasa la Sita walikuwa kama waliomwagiwa maji. Nilimwendea Mwalimu Tryphena, na kwa sauti ambayo naijutia nikasema, "Si nilisema? Hivi ndivyo vipindi nilivyoviomba."

Yeye alikuwa akitazama juu, anafuata moshi kwa macho. Akasema polepole, "Mwalimu Obadiah, jana moshi huu ulikuwa machoni mwa Bi Mbeyu. Leo umetoka jikoni. Kilichobaki ni kuupandisha."

Mkaguzi alikuwa amejifuta. Akauliza ni nani aliyebuni kitu kile. Watoto walisimama kama wanaongoja kiboko. Ndeti akasogea mbele.

"Ni sisi, bwana."

"Nani sisi?"

"Darasa la Sita. Na Bi Mbeyu."

"Na kosa liko wapi?"

Ndeti akaangalia bomba, akaangalia paa. "Tulipima jiko, bwana. Hatukupima darasa. Bomba limekuwa fupi kuliko paa, na upepo unalipita juu."

Mkaguzi hakucheka wala hakusifu. Aliandika kitu, akafunga daftari. "Narudi baada ya majuma matatu kabla sijaandika ripoti," akasema. "Nitaketi darasa hili hili. Nikikohoa, mtajua nimeandika nini."

Alasiri ile niligongewa mlango. Alikuwa Ndunge, na nyuma yake nusu ya darasa. Alizungumza akitazama vidole vya miguu yake. "Mwalimu, tunataka kujua urefu wa paa. Lakini hatuna ngazi ya kufika, na Mwalimu Mkuu amekataza kupanda."

Nataka niwe mkweli mahali hapa, kwa kuwa watoto wale watasoma. Nilikuwa na haki ya kufurahi kwamba wameshindwa. Lakini mwalimu wa hesabu akiulizwa urefu wa kitu kisichofikika, hawezi kujizuia. Ni kama mvuvi aoneshwe samaki. Nikachukua fimbo ya futi tatu, nikatoka nao juani. Kivuli cha fimbo kilikuwa futi mbili. Nikawaacha watafute wenyewe la kufanya. Ndunge aliangalia kivuli cha fimbo, akaangalia kivuli cha paa kilicholala uani, na nikauona uso wake ukifunguka. Akakimbia kukipima. Kilikuwa futi kumi. "Kumi na tano!" akapiga kelele, msichana ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake. "Paa ni futi kumi na tano!"

Bomba lao lilikuwa futi kumi na moja. Wakaamua livuke paa kwa futi tatu. Kwa hiyo zilihitajika futi saba zaidi, na debe moja ni inchi kumi na nne. Sikuwasaidia. Walikaa chini wakaandika mavumbini, na kila mmoja, hata wale niliokuwa nimewakatia tamaa, alipata madebe sita.

Madebe sita si kitu cha kuokota. Nyumbani debe ndilo maji ya siku. Lakini yalikuja: moja kutoka kwa mama yake Ndunge, lililotoboka, moja kutoka msikiti wa sokoni, moja kutoka kwa mwinjilisti. Mawili Bwana Josephat aliyatoa dukani mwake. La sita nililileta mimi, nikaliacha mlangoni pa jiko asubuhi na mapema nikitumaini sitaonekana. Mwalimu Tryphena alikuwa tayari amefika. Alilitazama debe, akanitazama mimi, akalipima kwa tepu. "Inchi kumi na nne kamili," akasema. "Ahsante, Mwalimu."

Siku jiko lilipowashwa mara ya pili, hakuna mwalimu aliyejidai anafundisha. Shule nzima ilisimama uani. Saa tatu upepo ukapanda kutoka bondeni, ukatikisa nyasi, ukavuka paa. Moshi ukatoka juu ya debe la mwisho, ukainama kidogo kama mtu anayepita mlango mfupi, kisha ukaenda zake juu ya mashamba ya mkonge. Nimewahi kuona matokeo ya mtihani yakitangazwa, na nimeona timu yetu ikiwafunga Voi. Sijawahi kusikia kelele kama zile. Ndeti alibebwa. Elsie aliimba. Bi Mbeyu alitoka nje na mwiko mkononi, akawatazama watoto wale, na machozi yakamtoka. Watoto wakanyamaza ghafula, wakidhani jiko limeharibika tena.

"Msiogope, wanangu," akasema. "Hii ni mara yangu ya kwanza kulia hapa bila moshi."

Mkaguzi alirudi kama alivyoahidi. Aliketi darasa la nane saa nzima, akavuta pumzi mara kadhaa kwa makusudi, na hakukohoa. Ripoti yake ilisema vipindi vya kazi za mikono vibaki, na kubuni kufundishwe. Mimi nilisimama mbele ya kamati nikaiondoa barua yangu, na nikamwomba Mwalimu Tryphena radhi hadharani. Alinijibu kwamba barua ile ilimsaidia, kwa sababu mtu asiyepingwa huanza kutia maua. Tangu hapo kila mwaka tunafundisha juma moja pamoja, yeye na vivuli vyangu, mimi na tepu yake.

Sifa za jiko zilienea. Mwaka 1955 shule moja ya upande wa Mahoo, kule Taveta, iliomba vipimo, tukawapelekea. Baada ya mwezi wakaandika kwamba jiko letu linawafukiza kama nyuki. Mwalimu Tryphena alipanda treni kwenda Taveta pamoja na Elsie na Ndunge, akakuta wameiga kila inchi, lakini kwao upepo hutoka mlimani, siyo bondeni, na mpishi wao ni mwanamume mrefu ambaye mlango wetu ungemfika kifuani. Aliwaambia, "Msiige kimo cha Bi Mbeyu. Igeni maswali tuliyomwuliza." Wasichana wale wawili walikaa siku nne, wakauliza, na bomba likageuzwa. Niliona walivyoshuka kwenye treni Mwatate. Walitembea kama watu wenye kazi yao.

Mwisho wa mwaka huo aliwapa wanafunzi wale wa Darasa la Sita la 1954 karatasi tena, kwa sentensi ile ile. Nilizihesabu tena. Ishirini na sita walichora mtu anayemtazama mtu mwingine akifanya kazi. Wengine walichora mtoto mwenye uzi mlangoni, wengine mtu aliyeshika kichwa mbele ya kitu kilichopasuka. Mzungu mmoja alikuwapo, lakini safari hii alikuwa ameketi chini anamsikiliza mpishi. Na Ndeti alichora mbuni wa nyika, ndege, amesimama juu ya shimo lake la mayai. Chini aliandika: Huyu naye alipima kwanza.

Leo Ndeti anajifunza kuchora ramani za majengo katika ofisi moja Mombasa. Elsie yuko chuo cha ualimu. Ndunge anasomea uuguzi, na ameniandikia kwamba amebishana na wakubwa wake kuhusu urefu wa vitanda. Bi Mbeyu yuko jikoni. Macho yake hayakurudi yote, lakini yanamtosha kusoma uso wa mtoto aliyerudia foleni mara mbili. Chakula cha Ijumaa ni cha mkono wake.

Mwalimu Tryphena ana kasoro pia, na wasifu usio na kasoro ni tangazo la duka. Mwandiko wake wa ubaoni ni wa kuku. Hajawahi kukubali kwamba mkutano umekwisha. Amewahi kufumua sketi ya msichana mara sita, na ya saba akaishona yeye mwenyewe usiku akiona huruma, kisha akakana. Na ni mbishi. Mwaka 1957 aligoma kuingia mkutanoni mpaka mabenchi ya Darasa la Tano yakatwe miguu, kwa kuwa watoto walikuwa wakining'inia.

Anarudi Mgange, kwenye kahawa na wajukuu. Anasema atapumzika. Nimeambiwa na Bwana Josephat kwamba tayari amepima njia ya kuteremka mtoni.

Limebaki jambo moja, nalo ni la kushangaza kwake atakaposoma ukurasa huu, kwa hiyo nawaomba mnaoketi karibu naye mumshike mkono. Walimu tulikuwa tumekubaliana kumpa zawadi ya saa ya ukutani. Darasa la Sita la mwaka huu wakasikia, wakatutumia Susan, kiranja wao. Alisimama mlangoni akauliza kwa adabu, "Samahani walimu, mmemtazama kwanza?"

Tukajibu kwamba tumekaa naye miaka mingi, tunamjua.

"Ndiyo," akasema Susan. "Lakini miguu yake haifiki chini."

Tuligeuka sote kukitazama kiti chake katika ofisi ya walimu. Ni kiti kama vyetu, cha kimo cha wanaume. Mwalimu Tryphena ni mfupi. Miaka ishirini na miwili alikaa pale akisahihisha vitabu, akipigania mabenchi ya watoto, na miguu yake ikining'inia hewani, na mimi niliyeketi mkabala naye karibu miaka yote hiyo sikuwahi kuteremsha macho chini ya meza.

Kiti kipya kiko nyuma ya pazia la jukwaa. Watoto walimpima bila yeye kujua, wakijidai wanajifunza kukata gauni. Wamelitazama goti lake la kulia linaloamka kwa shida, wakaweka mkono wa kiti mahali pa kujishikia anapoinuka. Wamemwuliza mume wake, wamemwuliza Bi Mbeyu. Mifano miwili ilivunjika. Huu ni wa tatu.

Mwalimu Tryphena, panda jukwaani uketi. Tunakushukuru kwa kila mshono na kila swali. Nenda na afya, nenda na furaha, kahawa yako izae na wajukuu wakusumbue kwa kadiri. Na ukishaketi, tafadhali utuambie kama miguu imefika.

Obadiah Mwasaru,
Mwalimu wa Hesabu, kwa niaba ya walimu na wanafunzi wa Mwarungu